Sisemi Tena "Sawa, Sista"

Dada Konsolata,

Nianze na habari utakayoifurahia: Jumanne nimegombana na sista wa wodi ya wazazi, na sikumwomba radhi. Ndiyo, mimi, mdogo wako uliyezoea kunicheka kwamba mtu akinikanyaga, mimi ndiye ninayesema samahani.

Siku ile uchungu ulipokushika, hatukuwa tumemaliza hata mwaka tangu tukimbie Burundi. Nilikupeleka mwenyewe, najivunia Kiswahili nilichookota sokoni Mwanga, nikaambiwa ndugu wanabaki nje. Nikabaki. Wewe ukaingia na Kirundi chako peke yake. Mara mbili nilimuuliza sista, mara mbili akanijibu, "Yule bado, hata hajalia." Sikumweleza kwamba mama alitulea tukijua mwanamke wa kwetu huuma kitenge akanyamaza mpaka mtoto atoke, na kwamba anayelia anaaibisha ukoo. Nilisema, "Sawa, sista." Waswahili wenyewe wana methali, kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini hakuna aliyeikumbuka. Walipokuja kukupima, damu ilikuwa imeshapita godoro. Mtoto walimwahi. Wewe hawakukuwahi.

Nina hasira, dada. Na yule sista, na mama, na wewe pia kidogo. Ungepiga ukelele mmoja tu, mmoja. Lakini hasira kubwa ni ya ile "sawa" yangu.

Basi siku hizi nikishamaliza kuuza dagaa Kibirizi, nanawa mikono, naenda kukaa palepale wodini. Hakuna aliyenituma. Muuguzi mkuu alinidai barua ya kuniruhusu. Sina, na sijaitafuta. Akinitoa mlango wa mbele narudi kwa mlango wa jikoni. Wapishi wameshanizoea.

Jumanne hiyo akaja mjamzito kutoka Kagunga, kule mpakani na Burundi, ndiyo kwanza ameshuka kwenye boti, ameshika ukuta, kimya. Sista wa zamu akamwonyesha benchi. Akakaa kwa adabu, kama wewe. Nikamwinamia, nikamuuliza kwa Kirundi. Akaninong'oneza kwamba mtoto anasukuma. Nikaenda kusimama mbele ya sista.

"Huyu amefika. Kwetu hatulii. Mpime njia sasa hivi, mimi siondoki hapa."

Akaniuliza mimi ni nani hata nimwamrishe. Nikamwambia dada yangu alifia kitanda cha tatu, pale dirishani. Akavaa glavu kwa hasira, akapima, uso ukambadilika. Leba hatukufika, amejifungua palepale nyuma ya pazia, mtoto wa kiume, na mama mzima. Sista hakunishukuru. Ila Ijumaa aliponiona tu akasema, "Njoo huku, kuna wawili hawasemi."

Binti yako ameota meno manne. Ana sauti, huyo, mtaa mzima wa Ujiji unamjua. Mama kila akimsikia anamwimbia "hora, hora" ili anyamaze, na juzi nilimkataza. Tulinuniana siku nzima. Jioni mtoto akaanza tena, mama akaniangalia, akamwacha alie mpaka akachoka mwenyewe.

Pumzika, dada yangu. Huyu namlea mimi. Atakua akipiga kelele, nakuahidi, na siku yake ya kujifungua ikifika, sitakuwa nje.

Mdogo wako,
Goreti