Sauti Nyuma ya Gitaa

Itigi,
14 Agosti 2002

Dada Rahel,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima hapo Mandewa, pamoja na shemeji na watoto. Huku kwetu tunapumua. Martina wangu alilala kwa malaria wiki nzima, sasa anapika mwenyewe, na anakuamkia sana.

Dada, mambo haya utayasikia kwa watu, heri nikuandikie mwenyewe. Kazi ya kanda nimeiacha. Unaukumbuka ule wimbo wangu uliovuma mpaka ukapigwa kwenye harusi za huko Singida? Gitaa lake nililitoa kwenye santuri kuukuu niliyoikuta kwa marehemu mzee Ignas, nikaliwekea mdundo wa kinanda na maneno yangu ya ujana. Niliuita wangu, maana niliuhangaikia.

Mwezi uliopita nikaitwa kwa ofisa utamaduni. Akanieleza kwamba siku hizi kuna sheria ya hakimiliki, na mwenye gitaa amelalamika. Kuingia ndani, namkuta mjomba Fabiano, yule aliyehamia Manyoni tukiwa wadogo. Hakujua mtengenezaji ni mimi, nami sikujua kama aliwahi kushika gitaa. Nikamwamkia, akaitikia, tukakaa.

Nikaomba radhi. Nikasema nitaandika jina lake kwenye kila kanda, na mapato tugawane. Akakataa. Alisema hakufuata hela. Mle kwenye wimbo kuna mtu aliyekufa, naye mjomba hapendi achezewe. Ofisa akasema sheria iko upande wake. Mjomba akaniambia neno moja tu: "Futa."

Nikafuta zote, pamoja na ile ya kwanza niliyorekodi toka kwenye santuri. Santuri yenyewe ilishavunjika.

Nikamsindikiza stesheni. Tukiwa tunasubiri treni nikamuuliza, kwa kupitisha muda tu, yule mwanamke anayeitikia nyuma ya gitaa alikuwa nani. Akanitazama sana.

"Peniel, kumbe hamkuambiwa? Yule ni mama yenu. Alikuwa na mimba yako."

Alidhani tunajua. Alidhani nimefanya kusudi.

Mama alifariki mimi nikiwa mchanga, nawe husema huikumbuki sauti yake. Mimi nimeisikia miaka miwili, dada, kila siku. Kwenye kanda zilizouzwa haisikiki; niliipunguza ili mdundo usikike vizuri.

Sijalia. Nakula, nalala. Martina akiniuliza nina nini, namwambia sina kitu, na kweli sioni kitu.

Wasalimie wote hapo nyumbani, na watoto uwabusu kwa niaba yangu. Usisumbuke kupanda basi kuja huku, ila ukipata nafasi niandikie.

Ni mimi mdogo wako,
Peniel