Dagaa Juu ya Gunia la Mtama

Jumatatu, 3 Machi 1986
Panya kumi na saba kabla ya chai. Rungu moja. Wa mwisho kanirukia usoni, nikamdaka hewani, nikampasua ukutani. Wakubwa kama paka. Bado gunia la mtama la dada limetobolewa. Naishi kwake hapa Butiama, panya ni kazi yangu.

Jumatano, 5 Machi
Bibi Shamba kaja toka Musoma, kakusanya watu shuleni. Ziba matundu. Inua magunia kwenye kichanja. Fyeka majani. Tega mitego, fuga paka. Sumu iwe ya mwisho, na dawa ya kunyunyizia pamba isiingie ndani kabisa.
Nikasimama. "Binti, mimi nilikuwaga naua chatu kule Mugango kwa mikono!"
"Basi mjomba, tundu la panya litakushinda?"
Walicheka mpaka watoto. Nimechukia.

Ijumaa, 7 Machi
Nimelowesha dagaa kwa dawa ya pamba. Nimetandaza kwenye ungo juu ya magunia. Sijamwambia mtu. Watanitambua.

Jumamosi, 8 Machi
Panya hamsini. Haya, tisa. Paka wa jirani kafa kajikunja, damu puani. Kuku wanne, miguu juu. Nimewafukia nyuma ya choo. Nimesema kuku wamekufa kwa kideri. Ungo nimeuacha, panya bado wapo.

Jumapili, 9 Machi
Wegesa, mtoto wa dada. Miaka sita. Katoka kanisani na njaa, kala zile dagaa. Povu. Macho yamegeuka. Anajirusha chini kama samaki.
Hospitali daktari kauliza kala nini. Nikasema sijui. Mara mbili, sijui. Ya tatu nikasema. Wakamchoma sindano mbio.
Uani shemeji Magesa kanipiga kwa mpini wa jembe mpaka ukakatika. Meno mawili yametoka. Sikurudisha. Mimi!

Jumanne, 11 Machi
Yu hai. Hasemi. Dada hanisemeshi.
Nimeziba matundu kutwa, udongo na kokoto. Thelathini na moja. Hayo nimehesabu kweli. Dawa iliyobaki kaichukua Bibi Shamba. Hakunicheka. Afadhali angecheka.

Jumapili, 16 Machi
Wegesa karudi. Miguu kama vijiti. Nimemletea muwa toka Bunda, nimeumenya mwenyewe, nimenawa kwanza.
Akautazama. Akamtazama mama yake.
Dada akachukua kipande, akatafuna. Wote tukamtazama akimeza.
Ndipo mtoto akapokea.