Maneno Ambayo Mchungaji Hakuyasema

Jumamosi, 6 Julai

Tumemzika Wifi.

Sikulia. Sikupata nafasi. Mikono ikiwa kazini, macho hayana ruhusa ya kulia — ukilia huoni, na usipoona unatafsiri upuuzi. Nilisimama ubavuni mwa Mchungaji, juu ya udongo uliotifuliwa, viatu vinazama, ili Kaka anione vizuri kutoka upande wa pili wa kaburi. Miaka yote hii nimetafsiri kwa watu wawili: Kaka na mkewe, viziwi wangu wa benchi la mbele, mabega yamegusana. Leo nilikuwa na Kaka peke yake. Kwa mazoea nikawa nageukia na pembeni yake. Pembeni yake amekaa Mjomba, kichwa kimeinama.

Kichwa kilimuuma Jumatatu, Alhamisi hayupo. Ndivyo alivyokwenda. Kaka bado ananiuliza kama kuna dawa tuliyosahau kumpa.

Mchungaji alihubiri vizuri, kusema kweli. Ana sauti ya msiba. Akafika pale wanapofika wote: sisi tulimpenda, lakini Mungu amempenda zaidi, ndiyo maana amemchukua. Watu wakaitika amina. Kaka ananitazama, anasubiri.

Alama zenyewe ni rahisi. Mungu, penda, zaidi, chukua. Mtoto anazijua. Ila kwa lugha yetu huwezi kusema kitu huku uso umelala. Ukisema mtu amependa, uso wako nao upende. Nilitakiwa niupendezeshe uso mbele ya lile shimo. Mikono ikagoma!

Nikamwambia: Mungu analia. Analia pamoja na wewe.

Kaka akanitumbulia macho. Halafu akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeelezwa njia akaielewa. Ndipo akalia, mara ya kwanza tangu Alhamisi, kwa ile sauti yake asiyoijua mwenyewe. Watu wakageuka.

Hakuna aliyegundua. Nani pale anajua alama? Rafiki zao wa shule ya viziwi walifika jioni, kaburi limeshafunikwa.

Nimechoka. Nalala.

Jumapili, 7 Julai

Kanisani hatukwenda. Kanisa limekuja kwetu. Viti vya kukodi mpaka barazani, na kila anayeingia anamshika Kaka mkono, anasogeza mdomo karibu na sikio lake — kana kwamba tatizo ni umbali — na kumwambia kuwa Mungu amempenda zaidi mke wake. Mimi natafsiri: pole sana.

Mchana Kaka akaniuliza: mbona wao wanasema kirefu, wewe unasema kifupi? Nikamwambia wanajirudia. Akasema, basi waambie wakae tu, viti vipo. Nikacheka, nikaona aibu kucheka.

Mama hajakaa chini. Anahudumia wageni, anatoa mstari wa Biblia, anaongoza wimbo. Kwa Mama hakuna kitu kinachotokea bure. Ukikosa basi, Mungu amekuepusha na ajali. Sufuria ikiungua, kuna mgeni ambaye hakutakiwa ale pale. Nimelelewa ndani ya mpango huo, kila kitu kina mahali pake, hata wizi wa nguo kambani. Leo nimemtazama akipanga vikombe na kuimba, nikamwonea wivu. Kisha nikamkasirikia. Kisha nikaenda kuosha vyombo.

Jumatano, 10 Julai

Nimerudi kazini, kwa dobi. Mashati ya msiba wetu wenyewe yapo kwenye rundo, bosi hakujua ni ya kwetu. Nilipopiga pasi shati la Kaka la kaburini nikasahau mkono uko wapi. Kidole cha shahada kimebabuka. Nimefungwa bandeji nene, na kwa mtu wa lugha ya alama hiyo ni balaa. Kaka ameniambia nina kithembe.

Naye amefungua karakana. Kuna kochi la mteja limekaa uchi tangu kabla ya msiba, fremu tupu. Nimemkuta anakata sponji. Akaacha kisu, akataka kuongea.

Aliniambia kitu kirefu. Nitakiandika kama nitakavyoweza. Anasema tangu utotoni Mungu kwake alikuwa kama mwalimu mkuu wa ile shule ya kwanza waliyompeleka, ya watoto wanaosikia: amesimama mbele, midomo inakwenda, watu wote wanaelewa na yeye haelewi, na akikosea anachapwa. Alikuwa anakuja kanisani kwa sababu Wifi alipenda kukaa pale mbele. Sasa Mchungaji amemwambia Mungu analia. Hilo, anasema, halihitaji mkalimani. Mtu akilia unaona.

Amewasimulia rafiki zake wote kwa simu ya video. Wamemuuliza: Mchungaji gani huyo? Tuje?

Nikamwambia naenda kununua maji. Nilisimama nyuma ya karakana, maji sikununua.

Nilikuwa na miaka saba nilipoanza kumtafsiria shule ya Jumapili. Yeye mkubwa, mimi mdogo, nimesimama juu ya kigoda. Safina, Yona, mikate na samaki — vyote alivipata kwangu. Mama akanipachika jina la Mdomo, eti mdomo wa kaka yangu. Sikuwahi kubadilisha neno. Kufupisha, ndiyo, mahubiri ya saa mbili nani hafupishi? Kubadilisha, hapana. Moja tu. Hili.

Na mimi je, nililiamini? Sijui lilitoka wapi. Lilitoka mikononi kwanza, kichwa kikafuata. Nimejaribu kusali jioni hii nikamfikiria huyo anayelia. Nilikaa naye kidogo, sikuomba chochote.

Jumapili, 14 Julai

Kanisani. Benchi la mbele Kaka ameacha nafasi ya Wifi, mama mmoja akaja akaikalia na mkoba wake. Hakujua, si kosa lake. Kaka akasogea ampishe vizuri.

Baada ya ibada akamfuata Mchungaji mlangoni. Akaushika mkono wake kwa mikono miwili, akaubana kifuani, machozi yanamtoka. Mchungaji naye akaguswa, miwani ikaingia ukungu. Kaka akaniambia: mwambie maneno yake yamenirudisha. Mwambie nataka kutoa ushuhuda.

Nikatafsiri. Sikuongeza, sikupunguza.

Mchungaji amefurahi mno. Jumapili ijayo, baada ya matangazo! Akanigonga bega: Dada, utamtafsiria kwenye maiki.

Wote walikuwepo makaburini. Wote wana masikio.

Jumatatu, 15 Julai

Leo ni Mama.

Mama hana lugha ya alama. Ana zake za jikoni, anazozitumia tangu Kaka augue akiwa mchanga ile homa iliyomziba masikio: kula, njoo, lala, hatari, hapana, vizuri. Mungu ni kidole juu. Kwa maisha ya kila siku zimetosha. Leo akaenda karakana na chakula, akamwona mwanawe amejiinamia juu ya kochi, akataka kumfariji. Mwenyewe, bila mimi. Nafika mlangoni nikamkuta katikati ya maneno yake.

Kidole juu. Halafu mkono ukakwapua hewani — alama hiyohiyo aliyokuwa akiitumia kumnyang'anya kisu utotoni. Halafu akagusa shavu, pale Wifi alipokuwa na kishimo. Jina lake hilo la alama Mama analijua. Halafu, maskini Mama yangu, akainua dole gumba.

Mungu kamkwapua mkeo. Vizuri.

Kaka ana tabia ya kubana misumari midomoni akifanya kazi. Akaitema yote sakafuni. Akanigeukia mimi: umeona anachosema? Mchungaji alisema Mungu analia — kweli alisema? Kweli kabisa?

Nikamjibu: kweli.

Ile ya makaburini naweza kuiita huzuni. Hii ya leo ni uongo, na niliusema huku namtazama machoni.

Njiani Mama akaniuliza amemkosea nini mtoto. Nikamweleza ile alama inasemaje. Akasimama katikati ya barabara. Akasema, lakini ndiyo hivyo, Mdomo. Ndiyo hivyo amechukua. Baba yenu alimchukua, na yule mdogo wenu wa mwisho akamchukua hata hajatambaa. Kama si Yeye aliyewachukua, basi niambie wako wapi. Wamepotea tu? Wameibwa?

Nilimshika mkono tukavuka.

Alhamisi, 18 Julai

Nimekwenda kwa Mchungaji. Nilimkuta ofisini anasokota waya wa spika, ameshikilia bisibisi kwa meno. Nikamwambia yote, bila kukaa.

Akaitoa bisibisi mdomoni. Kisha: sikusema hivyo.

Nikamwambia najua.

Akasema nimemtia maneno mdomoni mbele ya kaburi, na kwamba mtu akisimama pale hasemi ya kwake. Nikamwambia samahani. Nikamwambia pia kwamba Yesu mwenyewe alilia kaburini kwa rafiki yake, imeandikwa. Nilifikiri nimempata.

Akaweka bisibisi chini. Akasema: alilia, ndiyo, kisha akamfufua. Mimi simfufui mtu, Dada. Nikiwaambia watu Mungu analia, kesho yake wakija kuniuliza kwa nini alie wakati ana uwezo, nitawaambia nini? Lile la kupenda zaidi angalau linawawezesha kurudi nyumbani.

Hakulisema kwa ukali. Alilisema kama fundi anayekuambia vifaa alivyo navyo ni hivi tu. Nilitamani kumchukia, nikashindwa.

Akasema nimwambie Kaka ukweli kabla ya Jumapili. Nisipomwambia, yeye hatanichongea, lakini uongo madhabahuni nao hatausema. Akanifungulia mlango. Akaniuliza hali ya kidole.

Jumamosi, 20 Julai

Nilikwenda kumwambia. Nilikwenda kabisa kwa nia hiyo.

Kochi limekwisha, zuri, la kijani. Akanikalisha juu yake, mtu wa kwanza kulikalia, akasimama mbele yangu na kuanza kunionyesha ushuhuda wake wa kesho. Ameufanyia mazoezi. Nauandika:

Nilipoona udongo unaingia juu yake nilitaka kumpiga mtu. Nilitaka kumpiga Mungu. Nikasema nikitoka hapa sirudi kanisani. Ndipo Mchungaji akaniambia Mungu analia. Nikaelewa kwamba si Yeye aliyefanya. Yeye alikuja msibani, kama ninyi mlivyokuja.

Akaniuliza: vizuri? Nikamwambia vizuri. Bandeji nimeitoa, kithembe kimekwisha, sikuwa na kisingizio hata kimoja.

Nikainua mikono nimwambie. Akaniwahi. Anaomba kesho niongee kwa sauti kubwa, hasa pale mwisho. Kwa nini? Kwa ajili ya Mama, anasema. Mama anaishi na Mungu anayekwapua. Miaka yote hiyo, peke yake na huyo mtu. Nataka asikie.

Nikashusha mikono.

Jumapili, 21 Julai

Naandika chumbani, mlango nimeurudishia.

Nilikuwa nimeamua kumwambia njiani. Njiani Mama alikuwa katikati yetu, amemshika Kaka mkono, na mkono ulioshikwa hauongei. Kisha nikaamua kabla ya matangazo. Kisha matangazo yakaisha.

Alisimama mbele na lile shati la kaburini. Mimi pembeni na maiki. Alianza, nami nikampa sauti. Watu wakaanza kufuta macho. Tukafika pale. Alama zake zilikuwa safi, kubwa, kila mtu angeweza kuziona. Nikasema kwenye maiki: ndipo Mchungaji akaniambia, Mungu analia.

Hakuna aliyeitika amina.

Nikaendelea. Si Yeye aliyefanya. Alikuja msibani, kama ninyi mlivyokuja. Nilisema kwa sauti kubwa kama alivyoniomba. Mchungaji alitazama viatu vyake. Kanisa zima likageuza macho, polepole, kutoka kwa Kaka kuja kwangu. Nilimwona Mama. Mkono ameuweka mdomoni.

Kaka hasikii, lakini nyuso anazisoma kuliko sisi sote. Akaniuliza: mbona wanakutazama wewe?

Maiki ilikuwa mkononi. Niliiweka juu ya meza ya sadaka. Nikamwambia palepale, mbele ya watu ambao hawakuelewa hata alama moja: Mchungaji hakusema. Nilisema mimi.

Akasubiri, kama kuna kipande kimebaki. Kisha akatembea katikati ya mabenchi mpaka nje.

Tumerudi nyumbani. Mama yupo sebuleni, hajavua kitambaa cha kichwa. Niliingia humu kuandika kwa sababu mikono haiwezi kazi nyingine.

Kaka ameingia. Hajakasirika, na hilo ndilo linanitisha. Amekaa ukingoni mwa kitanda, ameusogeza mkono wangu kutoka kwenye daftari ili nimtazame. Akauliza: na mengine? Nikamwambia hilo moja tu, naapa. Akafikiri. Akauliza: na Yesu? Kumfufua yule rafiki yake, na yeye mwenyewe kufufuka — hayo waliyasema wao, au uliyasema wewe kwa kunionea huruma?

Nimemjibu kwamba waliyasema wao. Ameomba niseme tena. Nimesema tena. Anaitazama mikono yangu.