Maziwa ya Dongodongo

Jumatano, Kalemie. Mvua inanyesha tangu alfajiri na ziwa lina rangi ya majivu. Nina hasira, wala sioni sababu ya kuificha.

Mchana alikuja Mama Feza, shangazi wa kijana atakayemwoa mjukuu wangu Furaha Jumamosi. Kwa desturi, upande wa mume huja kumtazama bibi arusi akiwa amefungiwa ndani. Alimgeuza Furaha shavu, akaguna, akatoa mkobani sabuni ya kung'arisha ngozi. Ile ile aliyomletea mara ya kwanza, iliyomwacha Furaha na shingo iliyobabuka.

Katika Zaire hii tumeambiwa tuache majina ya Kizungu, tukayaacha. Lakini nyuso zetu bado tunazichubua.

Mimi nilikuwa nimekwisha kuandaa vyangu. Ninakata dongodongo changa, bamia za bustanini mwangu, ninaziloweka katika maji ya moto na kuchuja ute. Kisha ninatia mafuta ya kokwa za michikichi kidogo kidogo, nikipiga kwa mwiko. Maji na mafuta hayapatani, lakini ute huo huyashikanisha yakawa meupe kama maziwa. Yanatoa uchafu, na hayawashi.

Mama Feza alichungulia bakuli.

"Mama, unamunawisha bibi-arusi na mboga? Bwana yake atauliza ugali iko wapi!"

Furaha alicheka. Hata mimi nilikaribia kucheka.

Kisha mzaha ukaisha. "Asipopakaa sabuni, arusi hakuna. Hatupokee muke mweusi hivi."

Niliutazama uso wake, mwekundu kama papai, na vifundo vya vidole vyake vilivyokataa kubadilika, vikabaki vyeusi. Sikuvitaja, adabu ni adabu. Nilimjibu tu kwamba ngozi ya Furaha haimo katika mahari.

Alipoondoka, niliogopa. Furaha anampenda kijana yule. Je, ukaidi wangu umemnyima nyumba?

Furaha mwenyewe alinawa uso na shingo kwa maziwa yangu, taratibu, kisha akaenda na sabuni ya Mama Feza uani, akasugua nayo tako la sufuria.

"Njo kazi yake hii, Koko," aliniambia mimi bibi yake.

Sufuria imeng'aa kweli.

Jumamosi wakija, watamkuta na rangi aliyozaliwa nayo. Wasipokuja, dongodongo bado ziko bustanini. Tutazila na ugali.