Breki za Baiskeli ya Mkwe

Mwenzangu, nimeumbuka mbele ya mkwe! Hasira nilizonazo!

Mume wa binti yangu kanipeleka mlimani kuendesha baiskeli. Mimi, na miaka yangu sitini!

Akaanza, "Mama, breki zake..." Nikamkata kauli: "Baba, nimeendesha baiskeli kabla hujazaliwa."

Kwenye mteremko nikapiga pedali kinyumenyume, kama nilivyozoea kusimamisha ile yangu ya zamani. Wapi! Zikazunguka bure. Nikaishia kichakani, miguu juu. Miguu juu, mbele ya mkwe!

Akageuzia uso pembeni kwa heshima, akasema taratibu, "Breki ziko mkononi, Mama."

Goti haliniumi kama hiyo heshima yake.

Eti Jumamosi turudi! Nimemwambia nakuuguza wewe, hata kusimama huwezi. Kwa hiyo usionekane sokoni.