Ndege Watapita Saa Mbili

Kosa la wengi wetu ni kudhani kwamba kelele ikishatangazwa imepungua. Ng'ombe hasomi simu.

Leo ni Jumatano. Ukungu umeondoka mapema hapa Nyamahanga na jua ni kali. Naandika nikiwa na aibu.

Tangu mwezi uliopita ndege ndogo mbili za kampuni ya kupima madini zinapita chini chini juu ya mashamba yetu, na zikipita mifugo hutawanyika. Kwa hiyo Devota, niliyemfundisha kule Bugarama na sasa anabuni programu za simu mjini Biharamulo, ametengeneza moja ya kuwaonya wakazi. Ukijiandikisha, unapata ujumbe wa saa ambayo ndege zitafika kwako, ili uwafungue ng'ombe nira mapema.

Wazo ni zuri. Mimi nikalitilia shaka.

Programu inauliza shamba lako liko wapi na una ng'ombe wangapi. Mahali naelewa, maana bila mahali huwezi kukadiria saa. Idadi ya ng'ombe ni ya nini? Wasukuma waliohamia huku na mifugo yao hawapendi ihesabiwe na mgeni, na sioni kwamba wanakosea. Tena aliyempa Devota kazi hii ni kampuni ile ile yenye ndege. Nilipomuuliza, akasema, "Mwalimu, fomu nilipewa hivyo." Jibu hilo halikunitosha, na bado halinitoshi.

Aliponiletea karatasi za ujumbe nikague Kiswahili, nilizisoma kama mpelelezi. Nilitafuta mtego katika kila swali.

Mtego niliuweka mwenyewe.

Devota aliandika, "Ndege zitapita." Miaka yote niliyofundisha, watoto waliniandikia "ndege zinakula mtama", nami nikakata kwa wino mwekundu: ndege ni kiumbe, andika "wanakula". Kalamu ikaenda yenyewe. Nikakata "zitapita", nikaandika "watapita". Naye, kwa heshima ya mwanafunzi, hakubisha.

Leo asubuhi jirani yangu Mama Shija amepata ujumbe wake wa kwanza: ndege watapita shambani kwako saa mbili. Mpunga wake umeiva, na msimu huu bwana shamba naye hututumia ujumbe wa kutuonya ndege aina ya kwelea kwelea wakija, kwa hiyo hakuona ajabu. Akamwachia mumewe mkokoteni na ng'ombe wake wakiwa wamefungwa, akakimbilia bondeni na debe la kugonga. Saa mbili ikaja ngurumo. Ng'ombe wakatimua mbio, mkokoteni ukapinduka mtaroni, Baba Shija akaanguka nao. Mkono umeteguka. Ng'ombe mmoja anachechemea, na hiyo ndiyo jozi pekee waliyo nayo ya kutolea mpunga shambani.

Nilipokwenda kuwapa pole, Mama Shija alinisalimu vizuri. "Shikamoo, Mwalimu." Kisha akaniuliza, "Simu ilisema watapita. Nikajua ni wale wala mpunga. Au siku hizi mabati nayo yana roho?"

"Aliyekosea ni mimi, Mama Shija."

"Wewe?" mumewe akadakia, ameshika mkono wake huku akicheka. "Basi shule yetu sote imekwisha."

Mama Shija aliishia darasa la nne, na amesoma Kiswahili sahihi kabisa. Nilichosahihisha mimi ndicho kilichomdanganya.

Nilikuwa nikimchunguza kila mtu isipokuwa mkono wangu.

Nimempigia Devota. Atarudisha neno lake, lakini marekebisho lazima yapitishwe na kampuni, na hilo ni keshokutwa. Kesho saa mbili zinapita tena. Kurusha ndege hakusubiri ruhusa. Kubadili neno moja kunasubiri. Hilo nalo nimelitia akilini, pamoja na lile swali la ng'ombe, na yote mawili nitayadai.

Lakini leo, Mwalimu, kabla jua halijatua, inuka upite kila nyumba yenye mkokoteni hapa bondeni, useme kwa mdomo wako mwenyewe: kesho saa mbili zinapita za chuma, msifunge ng'ombe.