Pepo Anayetaka Papa wa Chumvi

Mpendwa Bi Mshauri, shikamoo, naomba unisaidie kabla ngoma haijaanza kulia, maana imebaki wiki moja tu. Mimi ni mama wa watoto sita hapa Msambweni, nimetimiza miaka hamsini na huu ni mwaka wa pili sijaona siku zangu, na kusema kweli nilifurahi, Ramadhani iliyopita nilifunga mwezi mzima bila kudaiwa hata siku moja, lakini tangu hapo joto hunipanda kifuani mpaka utosini, nikatota jasho hali wenzangu wamejitanda kanga kwa baridi, na moyo hunienda mbio kama natwanga, basi wifi yangu Mwanaima akanipeleka kwa mganga wetu, Bi Mbeyu, naye akasema nimepandwa na pepo wa Kipemba, anataka kupungwa kwa ngoma siku tatu mfululizo, nami nicheze, na kabla ya hapo nimlishe papa wa chumvi kila siku, nami namlisha, na Mungu anisamehe, papa mwenyewe mtamu. Juzi nilimpeleka mjukuu hospitali, dresa, yule msaidizi wa daktari, akanifunga mpira mkononi akanipima na mimi, akatikisa kichwa, akasema presha iko juu, nirudi Jumatatu, nami sijamwambia mtu, kwa sababu wageni wamekwisha kualikwa mpaka Vanga, na mama yangu alianza hivi hivi, akapungwa, haukupita mwaka akaanguka ghafla kando ya kisima akafa. Nikicheza nitakufa? Nisipocheza, pepo hatakasirika?

Mimi Mwenye Joto, Msambweni

Marahaba, mwanangu. Nimemcheka sana huyo pepo apendaye kitoweo, kisha nikafika kwa mama yako, kicheko kikanikauka. Pole sana.

Sasa sikiliza. Hilo joto na jasho ni mambo ya kukoma hedhi, na mimi yalinitesa miaka minne, yakaenda zake. Hayo hayaui. La hatari ni hilo ulilolificha. Madaktari wameona kwamba mwanamke akiwa bado anaona siku zake, moyo na mishipa yake ya damu huwa na kinga. Hedhi ikikoma, kinga hupungua, mishipa hukakamaa na presha hupanda kimya kimya. Mficha maradhi kifo humuumbua, nawe juu yake unajishindilia chumvi! Pepo hali, mama. Unayekula ni wewe.

Acha papa leo hii. Pika samaki mbichi kwa ndimu. Kama una shamba, endelea kwenda kwa miguu, ila moyo ukienda mbio, keti. Jumatatu rudi kwa dresa, umweleze na kifo cha mama yako, na ukipewa dawa usiiache kwa kuwa umejisikia vizuri.

Ngoma iahirishwe. Wapelekee wageni salamu mapema. Afadhali wanune kwao kuliko waje matangani kwako. Presha ikishuka na daktari akiridhia, arusi hazikosekani, nenda ukacheze ushibe.

Halafu huyo Bi Mbeyu, ana umri gani? Kama naye amepita hamsini, mpitie Jumatatu asubuhi, mwende wote, naye akafungwe ule mpira mkononi.